Jibu: Dar hadi Mwanza na watoto wawili

Dada, umeuliza utafikaje Mwanza na watoto wawili Desemba hii bila pesa kukuishia njiani. Mimi naanza na nauli ya kurudi. Iweke pembeni kabla hujanunua hata zawadi ya bibi, maana Januari ndiyo inayotuumiza: kila mtu anarudi wakati mmoja na mahitaji ya shule yanasubiri.

Tiketi ya basi kata mapema, ofisini kwa kampuni yenyewe au mtandaoni. Usisubiri asubuhi ya safari pale stendi ya Magufuli, Mbezi. Mwaka juzi nilimfuata mpiga debe, nikalipa, kumbe siti ilishauzwa. Nikakesha stendi na mtoto mapajani. Tangu siku hiyo tiketi naipiga picha, na namba ya basi naiandika kwenye karatasi kwa sababu simu huisha chaji.

Chakula ndicho kinachomaliza pesa kimyakimya. Mkishuka Morogoro, Dodoma na Singida, kila mara soda na chipsi za watu watatu, utaona mwenyewe. Pika chapati, chemsha mayai, beba maji na vikombe. Wali wa nazi acha, unachacha haraka kwenye joto.

Pesa ya njiani itoe mara moja kabla ya kuondoka, ukitoa kidogokidogo makato yanajirudia. Iliyobaki iache kwenye simu. Na begi lenye nguo za watoto na dawa lisiingie kwenye buti, kaa nalo miguuni.