Roho ikisita: barua kwa mwanangu

Mwanangu,

Barua yako nimeisoma, nikairudia. Unasema kazi uliyoitiwa ina kila ulichokitaka, mshahara, cheo, hata umbali kutoka unapolala, na bado roho inasita. Unasema pia kwamba mwenzako wa nyumba ulimkubali siku ile ile kwa sababu moyo ulimpenda, na sasa mnaishi kwa kununiana. Ndipo ukauliza: "Mama, nifuate akili au nifuate moyo?"

Vyote viwili, ila kwa zamu. Akili ianze, moyo umalize. Kwa mwenzako wa nyumba uliuuliza moyo kabla haujaona chochote. Kwa kazi hii moyo umesema baada ya akili kumaliza hesabu, nawe hujui neno lake uliweke wapi. Ni hali mbili tofauti kabisa, ndiyo maana nakuandikia kwa urefu.

Kwanza ujue machale yanatoka wapi. Katika miaka ya 1990, Antoine Bechara, Antonio Damasio na wenzao wa Chuo Kikuu cha Iowa, Marekani, waliwapa watu mafungu manne ya karata. Mafungu mawili yalitoa faida kubwa lakini hasara yake ilikuwa kubwa zaidi. Mawili mengine yalitoa faida ndogo, na mwishowe ndiyo yaliyolipa. Wachezaji hawakuambiwa lipi ni lipi. Ngozi zao zilipimwa jasho. Katika matokeo yaliyochapishwa 1997, kufikia karata ya kumi hivi mwili ulishaanza kushtuka kila mkono ulipoelekea fungu baya. Wachezaji wenyewe walianza kusema wana wasiwasi na mafungu hayo karibu na karata ya hamsini, na wengi wao walipofika karibu na ya themanini ndipo wakaweza kueleza sababu. Wagonjwa walioumia sehemu ya mbele ya ubongo, juu ya macho, hawakupata mshtuko huo wa mapema, na hata wale waliotambua mafungu mabaya waliendelea kuyachagua. Watafiti wengine, 2004, waliwauliza wachezaji maswali ya kina zaidi wakagundua kwamba watu hujua mapema kuliko wanavyokiri. Hata hivyo somo kubwa halikubadilika: anayejua bila kuhisi naye hupotea.

Sasa tazama tena ile karata ya kumi. Hakuna aliyeshtuka kwenye karata ya kwanza. Mwili ulihitaji kula hasara kadhaa ndipo ukajifunza. Machale ni masomo uliyokwisha kuyalipia, na pale ambapo hujalipa chochote moyo hauna cha kukuambia, ingawa utasema vilevile, tena kwa sauti ya uhakika. Dakika ile uliyompenda mwenzako ulikuwa hujafungua hata karata moja. Ulichokipenda ni uchangamfu wake, na uchangamfu haukuambii iwapo mtu hulipa sehemu yake ya kodi kwa wakati.

Wanasaikolojia wawili waliokuwa na misimamo inayopingana juu ya jambo hili, Daniel Kahneman na Gary Klein, walikaa pamoja miaka kadhaa wakibishana, na 2009 wakaandika walichokubaliana. Machale ya mtu huaminika pakiwa na mambo mawili: mazingira yenye utaratibu unaojirudia, na nafasi ya kutosha ya kujifunza utaratibu huo kwa kupata majibu ya haraka na ya wazi. Klein alikuwa amewachunguza wazimamoto. Mmoja wao, kiongozi wa kikosi, aliwatoa watu wake ndani ya nyumba iliyokuwa ikiungua bila kujua kwa nini anafanya hivyo. Muda mfupi baadaye sakafu ikabomoka. Moto mkubwa ulikuwa chini yao. Chumba kilikuwa na joto kupita kiasi na kimya kupita kiasi kwa moto mdogo waliouona, na miaka yake ya kazi ilimwonyesha kwamba mambo hayaendani. Kwa upande mwingine, anayetabiri bei za hisa hana machale ya kuaminika hata akiwa na mvi, kwa sababu anachokitabiri hakina utaratibu wa kujifunzwa.

Kwa hiyo moyo ukinena, uhoji. Jambo la namna hii nimelifanya mara ngapi? Nilipokosea, nilijua baada ya muda gani? Hili la leo linafanana kweli na yale, au linafanana kwa sura tu? Fundi anayesikia injini ikibadili mlio, muuguzi anayemwona mgonjwa wake na kusema "leo hayuko sawa", mzazi anayekitambua kilio cha mwanawe: hao wana majibu ya maelfu nyuma yao. Kuchagua mwenza, nyumba au kazi ni mambo unayoyafanya mara chache maishani, na jibu huja baada ya miezi au miaka. Hapo moyo peke yake ni mwanafunzi wa darasa la kwanza.

Kwa nini basi nasema moyo umalize? Kwa sababu ukiulizwa baada ya kazi ya akili, unakuwa shahidi mwingine kabisa. Kahneman huyohuyo, katika miaka ya 1950, akiwa kijana wa miaka 21 katika jeshi la Israeli, alipewa kazi ya kurekebisha usaili wa askari wapya. Wasaili walikuwa wakizungumza na kijana, kisha wanasema wanavyomwona, na utabiri wao haukufaa karibu chochote. Akawapa sifa sita za kupima, kila moja kwa maswali ya mambo aliyokwisha kuyafanya kijana huyo, na kila moja waipe alama kabla ya kwenda kwenye inayofuata. Wasaili walilalamika kwamba wanageuzwa mashine. Akawaambia: mkimaliza zote, fumbeni macho, mwoneni kijana huyu akiwa askari, mpeni alama moja ya jumla. Matokeo yalipokuja, jumla ya alama sita ilitabiri vizuri zaidi kuliko mtindo wa zamani, na alama ile ya kufumba macho ilitabiri vizuri sawa na jumla. Moyo uleule wa wasaili ambao mwanzoni haukufaa, ulifaa ulipolishwa ukweli kwanza.

Hivyo ndivyo ufanye na kazi yako. Chukua karatasi leo. Kabla ya kufikiria ofisi yoyote, andika mambo yanayokuhusu wewe, yasizidi sita, na yasiwe jambo moja lililovaa nguo mbili. "Mshahara" na "nitaweza kuweka akiba" ni kitu kimoja, na ukiviandika vyote umeupa mshahara kura mbili. Chini ya kila jambo andika swali moja linalojibika kwa ukweli. Badala ya "bosi mzuri?" andika "waliokuwa chini yake mwaka jana wangapi bado wapo?" Kisha kusanya majibu. Alama zije baadaye, kuanzia 1 hadi 5.

Unapotoa alama, nenda jambo kwa jambo. Chukua la kwanza, lipime kwa kazi mpya na kwa kazi uliyo nayo, ndipo uende la pili. Ukiimaliza kazi moja yote kwanza, alama nzuri ya juu itazipaka sukari zote za chini yake, na hutahisi inapotokea. Na usisahau kuipa kubaki ulipo safu yake. Watu wengi hulinganisha kitu kipya na ndoto zao, wakati kilicho mezani hasa ni kitu kipya na maisha waliyo nayo sasa.

Usijumlishe siku hiyo. Benjamin Franklin, mwanasiasa na mwanasayansi wa Marekani, alipomwandikia mwanasayansi mwenzake Joseph Priestley 1772 kuhusu namna ya kuamua, alimwambia aigawe karatasi pande mbili, sababu za kukubali na za kukataa, na aendelee kuijazia kwa siku tatu au nne. Watu wameichukua karatasi ile wakaziacha zile siku, na siku ndizo dawa. Franklin alieleza ugumu wenyewe: sababu hazitokei kichwani zote kwa pamoja, leo linakuja kundi hili, kesho lingine, na la jana limeshasahaulika. Karatasi inazishikilia mpaka zikutane.

Siku ya nne asubuhi soma karatasi yote, ikunje, fumba macho, jione ukiingia kazini siku ya kawaida tu, ya mvua na foleni, mwezi wa tatu tangu uanze. Toa alama moja. Iandike. Ndipo ujumlishe zile nyingine.

Vikikubaliana, umemaliza. Visipokubaliana, usimpe ushindi yeyote kwanza. Tofauti ile ni swali. Mara nyingi ni kwamba kuna jambo umeliona na hukuliandika, au jambo moja lina uzito mkubwa kwako kuliko ulivyothubutu kukiri, au mwili wako una shida yake yenyewe isiyohusiana na kazi hiyo.

Hili la mwili usilidharau. Mwaka 1974 Donald Dutton na Arthur Aron walichapisha jaribio lililofanyika kwenye daraja la Capilano, karibu na Vancouver, Kanada, daraja la kuning'inia linaloyumba juu ya bonde lenye kina kirefu. Mwanamke aliwahoji wanaume waliokuwa wakivuka, akawaachia namba ya simu. Waliohojiwa kwenye daraja hilo walimpigia wengi zaidi kuliko waliohojiwa kwenye daraja imara lililo chini. Tafsiri ya watafiti ilikuwa kwamba moyo ulidunda kwa sababu ya kimo, mtu akadhani unadunda kwa ajili ya yule mwanamke. Mwili hautaji chanzo cha mdundo wake; chanzo unakibuni wewe. Kwa hiyo kabla ya kuyasoma machale jiulize: nimelala? Nimekula? Nimekunywa kahawa nyingi? Nimetoka kugombana? Kuna mtu ananiharakisha? Halafu uyasome mara tatu kwa saa tofauti, asubuhi, baada ya kula, na usiku. Yakibadilika kila saa, ni ya mwili. Yakirudi yaleyale yakigusa palepale, ni ya jambo lenyewe.

Utaniuliza hofu nayo utaitofautishaje. Kwa maoni yangu, hofu huzungumza sana na huzungumza ya mbele: nikishindwa je, watanicheka je. Machale ni mafupi, na hunyoosha kidole kwenye kitu kilichotokea mbele yako: alipoulizwa hivi, aliangalia pembeni.

Kuna mahali ambapo zamu hii haifuatwi. Ukiwa kwenye ngazi yenye giza, kwenye gari la mtu usiyemjua, au dereva akikutisha anavyoendesha, na roho ikasema toka, toka. Usiandike karatasi, usione aibu, usieleze sababu. Ukikosea umepoteza dakika chache. Ukipuuza, hasara haina kipimo. Lakini mwanangu, ruhusa hii ni ya kujiondoa hatarini tu. Usiitumie kumnyima mtu kazi au chumba eti "simwelewi". Moyo hujifunza pia kwa maneno ya kusikia, na lafudhi ya mtu au mavazi yake vinaweza kukushtua bila yeye kukukosea lolote.

Na vitu vya kupendeza macho, shati, picha ya ukutani, rangi ya mapazia, usivifanyie hesabu. Mwanasaikolojia Timothy Wilson na wenzake waliwaacha wanafunzi wachague picha ya kubandika ukutani. Walioambiwa waandike sababu kwanza walichagua tofauti, na wiki chache baadaye hawakuridhika nazo kama wenzao. Iliyoelezeka kirahisi ndiyo iliyochukuliwa, badala ya iliyopendwa. Jipe dakika mbili, chukua, ondoka.

Jambo la mwisho ni daftari, maana machale hayakomai bila kusahihishwa. Kila moyo unaposema kwa nguvu, andika tarehe, umesema nini, una uhakika asilimia ngapi, na lini utajua ukweli. Andika kabla. Watafiti Baruch Fischhoff na Ruth Beyth waliwataka watu wakadirie yatakayotokea katika safari za Rais Nixon wa Marekani za Beijing na Moscow 1972. Baadaye walipoulizwa walikuwa wamesema nini, walikumbuka kuyapa yaliyotokea nafasi kubwa kuliko waliyoyapa kwa kweli. Kumbukumbu hujisahihishia mtihani. Tenga kurasa: watu, fedha, muda wa kumaliza kazi, afya yako. Ukifika maandiko ishirini katika ukurasa mmoja uliyosema una uhakika wa asilimia 80, hesabu yaliyotimia. Yakitimia kama kumi na sita kati ya ishirini, huo ukurasa uamini. Yakitimia tisa, hapo karatasi na iongoze kwa muda mrefu bado. Usishangae ukijikuta hodari wa kusoma watu na dhaifu kabisa wa kukadiria muda.

Sasa nirudi kwenye kazi yako. Katikati ya barua, kwa kupita tu, umeandika kwamba ulipowauliza kwa nini aliyekuwa na nafasi hiyo aliondoka, walicheka wakabadilisha mazungumzo. Hukuliweka kwenye karatasi. Nadhani roho inasita hapo. Waandikie uwaulize tena, kwa adabu, kwa maandishi, na uombe kuzungumza na wawili watakaokuwa wenzako. Muulize kila mmoja peke yake: huwa mnatoka saa ngapi hasa, na nafasi hii imeshikwa na watu wangapi katika miaka mitatu? Unasema umebakiwa na siku tisa za kujibu. Barua hiyo itume kesho asubuhi, na wakikujibu unipigie tuisome pamoja.

Mama yako