Kazi iko Watamu, nyumba iko Malindi: jinsi ya kupata gari la alfajiri

Vijana wa Malindi, huku pwani ya Kenya, wakinijia kuuliza kazi za hoteli, huanza na mshahara. Mimi huwauliza kwanza shifti inaisha saa ngapi. Nimefanya kazi Watamu kwa miaka mingi huku nikilala Malindi, jikoni na baadaye kwenye chumba cha kufulia, na nimeona watu hodari wakiacha kazi nzuri kwa kukosa namna ya kufika saa inayotakiwa au ya kurudi kwao salama. Jambo hili linaniuma, maana linaweza kutengenezwa na sisi wenyewe kwa sehemu kubwa.

Safari si ndefu. Kutoka Malindi hadi Gede ni kama kilomita 15 kwa barabara kuu ya Mombasa, halafu unakata kushoto kwa kilomita chache hadi Watamu. Mchana matatu, tuktuk na boda ni tele. Taabu ni saa kumi na moja alfajiri na saa nne usiku. Pita njia panda ya Gede usiku ule utawakuta akina mama kando ya duka lililofungwa, leso begani juu ya sare, mkoba umebanwa kwapani, macho upande wa Kilifi wakichungulia taa. Gari la kutoka Mombasa linapita limejaa. Tuktuk inasimama, nauli imekuwa maradufu, na ukibishana dereva anawasha na kwenda zake.

Watu huwalaumu makanga na madereva. Lakini angalieni hesabu ya tajiri, yaani mwenye gari. Kila siku dereva ana kiasi cha lazima cha kumpelekea mwenye gari, mafuta yanatoka juu yake, na kinachobaki ndicho wanachogawana yeye na makanga. Gari la watu 14 likiondoka na watu sita, hao wawili ndio wanaolala bila kitu. Kwa hiyo wanangoja lijae, na alfajiri halijai. Tukitaka gari liondoke kwa saa badala ya kuondoka kwa kujaa, lazima kuwe na mtu aliyekwisha kulipia vile viti vitupu.

Sisi tulifanya hivyo kwa kikundi. Ushauri wangu wa kwanza ni kutojikusanya kwa urafiki wala kwa hoteli moja. Jikusanyeni kwa saa. Wanaoingia saa kumi na mbili asubuhi, hata wakitoka hoteli tano tofauti, ni gari moja. Na kumbukeni walinzi na watu wa shifti ya usiku, maana wao wanatoka saa hiyohiyo nyinyi mnapoingia. Gari likiwashusha nyinyi linawapakia wao, na halirudi Malindi tupu. Tulipomwonyesha mwenye gari kwamba ana abiria kwenda na kurudi, mazungumzo yalibadilika kabisa.

Zungumzeni na tajiri mwenyewe, na ofisi ya sacco yake, yaani ushirika wa wenye matatu, iwe na habari. Dereva hubadilishwa, na ahadi yake huondoka naye. Tuliyemwendea alikuwa mzee wa makamo, mkali kidogo. Tukamwambia, "Mzee, hatukuombi bei ya huruma. Tunataka kukulipa kwa mwezi, hata siku ambazo gari halikujaa." Akatutazama, akasema, "Mkinilipa tarehe tano bila kufukuzana, wanangu, gari litakuwa stegi kabla yenu." Na ikawa hivyo.

Makubaliano yaandikwe, ukurasa mmoja unatosha. Pesa zipitie kwa mweka hazina mmoja kwa M-Pesa ili kila shilingi iwe na ujumbe wake. Wekeni kipengele cha mvua: kuanzia Aprili hadi Juni hoteli nyingi hupunguza watu au hufunga, na hamwezi kulipia gari wakati hamna kazi. Wekeni pia mtakavyofanya mafuta yakipanda, kwa sababu bei hutangazwa upya tarehe 14 ya kila mwezi. Sisi tuliona ni heri kukaa na tajiri kila miezi mitatu kuliko kuvutana kila mwezi. Na msikubali gari la nyumbani la mtu kwa kuwa ni rahisi. Bima yake haikuandikiwa abiria wa kulipa, na ajali ikitokea mtajitibu wenyewe.

Kabla ya kukubali kazi yoyote, piga hesabu kamili. Tuseme unalipa shilingi 150 kwenda na 150 kurudi. Kwa siku 26 ni shilingi 7,800, bado boda ya kutoka barabarani hadi nyumbani Ganda au Muyeye. Ukiitoa kwenye mshahara ndipo utajua unafanyia nini kazi.

Mwajiri naye aguswe. Sheria ya Ajira ya 2007, kifungu cha 31, inamtaka akupe makao mahali pa kazi au karibu napo, la sivyo akulipe pesa za kutosha kupangia nyumba. Wengi hulipa kitu kidogo na kusahau neno "karibu". Sisi tulilitumia neno hilo kwa heshima: kama hamna vyumba Watamu, changieni gari. Hoteli moja ilikubali kulipa sehemu, nyingine ikakataa. Mlio na chama cha wafanyakazi kama KUDHEIHA, ombeni usafiri wa usiku uandikwe kwenye mkataba wa pamoja. Wenzetu wa mashamba ya chumvi ya Gongoni na Marereni wanalihitaji hili kuliko sisi, maana nimewaona wakirudi juu ya malori, na lori si gari la abiria.

Kuna mambo ambayo kikundi hakiwezi. Taa za njia panda, kibanda cha kujikinga na mvua, barabara za mitaani zinazogeuka matope Mei hadi tuktuk ikatae kuingia. Katiba ya 2010, katika Jedwali la Nne, imezipa kaunti barabara za kaunti, taa za barabarani na usafiri wa umma wa barabarani. Hivyo ni haki yetu kuidai Kaunti ya Kilifi, ila madai yafike kwa wakati wake. Mpango wa maendeleo wa mwaka hupelekwa bungeni mwa kaunti kufikia tarehe 1 Septemba, na makadirio ya bajeti kufikia tarehe 30 Aprili. Ukingoja mwaka wa fedha uanze Julai, pesa zimeshagawanywa. Nendeni kwenye vikao vya maoni vya wadi, na msiishie kusema kwa mdomo. Andikeni mnachotaka, mahali penyewe na saa ambazo watu husimama pale, watie sahihi wote wa shifti, kisha mbaki na nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa.