Makumbusho ya mpira ya Uskoti: niende au nilale hotelini?

SWALI: Habari za kazi. Mwezi ujao naenda Glasgow kikazi na nitapata siku moja tu ya kuzurura. Rafiki yangu anasema nisikose makumbusho ya mpira ya Uskoti pale uwanja wa Hampden Park, mimi nacheka tu, makumbusho ya nini wakati hao jamaa Kombe la Dunia hawajawahi hata kulinusa? – Mdau wa kandanda

JIBU: Mdau, salama kabisa. Nenda bwana, hotelini utalala usiku. Utani wako una ukweli wake, maana kuanzia 1954 mpaka 1998 walienda Kombe la Dunia mara 8 na raundi ya kwanza hawakuvuka hata mara moja, tena 1974 walitolewa bila kufungwa mechi yoyote, sijui tuite nuksi au nini.

Ila ukienda pale kuhesabu vikombe umekosea mlango. Nenda kwa ajili ya pasi. Mechi ya kwanza rasmi ya kimataifa ilipigwa hapo hapo Glasgow tarehe 30 Novemba 1872, Uskoti na England, ikaisha 0-0, na kikosi kizima cha Uskoti kilitoka klabu moja, Queen's Park. Enzi hizo mtu akipata mpira anainamisha kichwa anakokota mpaka anyang'anywe, England wenyewe walipanga watu 8 mbele, wanane! Sasa Waskoti walikuwa na vimwili vidogo, wakaona wakigongana na yale majitu wataumia bure, wakaanza kupasiana. Hiyo gusa achia unayoipigia makofi leo, mizizi yake iko hapo.

Ukiingia tafuta kombe lao la Scottish Cup, lile klabu za Uskoti zinaloshindania, la 1873, ndilo kombe la taifa kongwe kuliko yote duniani. Utaniambia FA Cup ya Waingereza ilianza mapema, ni kweli, ila kombe lao lile la kwanza liliibiwa 1895 kwenye dirisha la duka kule Birmingham, mpaka leo halijaonekana. Hili la Waskoti lipo nyuma ya kioo, bingwa analinyanyua siku ya fainali halafu analirudisha, anaondoka na nakala. Mimi nilibaki nacheka peke yangu mbele ya kile kioo, maana ni kadogo! Nilitegemea lidude la kubebwa na watu wawili.

Halafu muulizie Andrew Watson. Mtu mweusi, mzaliwa wa Guyana, baba Mskoti, mwaka 1881 mechi yake ya kwanza tu timu ya taifa akapewa unahodha na wakaipiga England 6-1 London kwao. Mimi mpenzi wa mpira miaka yote na jina hilo nilikuwa silijui, niliona aibu kidogo.

Bao la Archie Gemmill wa Uskoti dhidi ya Uholanzi, Kombe la Dunia 1978, nalo usilipite, kapiga chenga watu kama amelewa, wakashinda 3-2 na bado wakarudi nyumbani, Uholanzi hao hao wakaenda fainali. Ndio Waskoti hao.

Kufika ni rahisi, panda treni Glasgow Central ushuke Mount Florida, unatembea kidogo tu. Ila angalia ratiba kwanza, siku ya mechi ziara ya kuzungushwa uwanjani hakuna.