Maswali ya Sheria: Niliandika namba yangu dukani, sasa matangazo hayakomi

SWALI: Ndugu Mwanasheria, mimi ni mkulima wa viazi hapa Uyole, Mbeya. Mwezi wa tisa nilinunua mbolea katika duka moja la pembejeo, na muuzaji akaniomba niandike jina na namba ya simu kwenye daftari ili nijulishwe mbegu zitakapofika. Tangu hapo napokea meseji za mikopo, bahati nasibu, viwanja na dawa za kuku, nyingine zikiingia saa kumi alfajiri. Simu yangu ni kitochi. Ikijaa, alama ya bahasha inawakawaka na meseji mpya haziingii mpaka nifute za zamani. Juzi mteja wa Tunduma alinitumia fedha za magunia mawili, meseji ya malipo haikuingia, nami nikambishia mbele ya dereva wa fuso kwamba hajalipa. Niliwajibu wenye matangazo, "Acheni," lakini jibu langu linagoma kwenda. Mdogo wangu aliyeko Marekani anasema huko mtu hulipwa dola 500 kwa kila meseji ya namna hiyo. Je, sheria yetu inanilinda?
Msomaji, Uyole

JIBU: Pole sana, dada yangu, hasa kwa aibu uliyoipata mbele ya mteja wako. Sheria yetu inakulinda.

Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 inakataza kumtumia mtu ujumbe wa biashara ambao hakuuomba, isipokuwa kama amekubali, ujumbe wenyewe unaanza kwa kumtambulisha anayeutuma na kusudi lake, na ndani yake kuna njia ya kukataa kuendelea kutumiwa. Sharti hili la mwisho ndilo linalokugusa zaidi. Jibu lako linagoma kwa sababu matangazo mengi hayatoki kwenye namba ya simu bali kwenye jina, ambalo mfumo wa kompyuta hulitumia kupeleka ujumbe kwa maelfu ya watu kwa mkupuo mmoja, na jina hilo halipokei majibu. Kutumia jina peke yake si kosa. Lakini anayetangaza kwa jina lisilojibika, bila kukuandikia namba ya kupiga wala neno la kutuma ili ujitoe, amekiuka sharti hilo hata kama siku moja ulimkubalia.

Duka lenyewe lina nafasi tofauti kidogo. Sheria huhesabu kwamba mteja amekubali ikiwa namba yake ilipatikana katika mauziano, matangazo ni ya bidhaa zinazofanana na zile alizonunua, alipewa nafasi ya kukataa asikatae, na kila ujumbe unaofuata unampa nafasi hiyo tena. Kwa hiyo wakikujulisha kwamba mbegu zimefika, hapo hawana kosa, uliwaomba mwenyewe. Viwanja na mikopo havihusiani kabisa na ulichokubali. Usimtuhumu muuzaji kabla hujamuuliza, kwa kuwa namba huvuja kwa njia nyingi, lakini una haki ya kumuuliza daftari lile limepita mikononi mwa nani. Chini ya Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, taarifa zilizokusanywa kwa kusudi moja hazipaswi kugeuziwa kusudi jingine pasipo ridhaa ya mwenyewe, na unaweza kumtaka kwa maandishi anayezishikilia aache kuzitumia kwa matangazo.

Kabla hujafuta meseji ili kupata nafasi, nakili kwenye daftari lako tarehe, saa, jina la mtumaji na maneno yenyewe. Nalisisitiza hili kwa sababu nimeona malalamiko ya haki kabisa yakikwama kwa kuwa mlalamikaji alifika mikono mitupu, ushahidi wote ameshaufuta. Kisha piga namba 100, ambayo ni ya huduma kwa wateja kwa mitandao yote, ueleze majina yanayokusumbua na uombe lalamiko lako liandikwe. Mtandao usipokusaidia, ofisi ya Mamlaka ya Mawasiliano ya Nyanda za Juu Kusini iko hapo hapo Mbeya. Suala la daftari na namba kuhamishwa lipeleke kwa Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi.

Kuhusu Marekani, mdogo wako hakukosea, ila hakumaliza. Sheria yao ya mwaka 1991, inayokataza kumpigia au kumtumia mtu ujumbe kwa mtambo unaojiendesha wenyewe bila ridhaa yake, inamruhusu mtu kudai mahakamani dola 500 kwa kila kosa, na mahakama inaweza kuzifikisha 1,500 ikiwa mtumaji alifanya kwa kusudi. Hata hivyo, mwaka 2021 Mahakama Kuu kabisa ya nchi hiyo, katika shauri lililoihusu Facebook, iliamua kwamba mtambo unaokatazwa na sheria hiyo ni ule wenye uwezo wa kuzalisha namba kwa kubahatisha au kwa mfululizo. Namba iliyoandikwa daftarini kwa mkono wako haikubahatishwa, kwa hiyo huko ungeanza na ubishi juu ya mtambo. Sheria yetu haiulizi ni mtambo gani uliotumika. Inauliza kama ulikubali na kama umepewa njia ya kujitoa. Kwa mkulima wa Uyole mwenye kitochi, naona hilo ni rahisi zaidi kulithibitisha.

SWALI: Nami nasumbuliwa na meseji za "ile hela itume kwenye namba hii." Je, nazo ni matangazo?
Msomaji, Mafinga

JIBU: Hapana, huo ni utapeli. Usijibu wala usipige namba hiyo. Peleka ujumbe huo kwenda 15040 pamoja na namba iliyoutuma, na kama umeshatuma fedha, piga 100 mara moja na utoe taarifa polisi siku hiyo hiyo.