Nahamia Mombasa na 95,000 mkononi, zitatufikisha?

*Maswali ya wasomaji, majibu ya Shangazi*

Shikamoo Shangazi. Mimi ni mama wa wawili, wa kwanza ana miaka tisa na mdogo minne, tunaishi Umoja Nairobi na nyumba tunalipa 18,000. Mzee amepata kazi kwa godauni moja huko Miritini, anaanza mwezi wa tisa, mshahara 42,000. Mimi nashona mapazia na mashuka hapa nyumbani kwa hivyo naweza fanyia popote bora cherehani iko na stima iko. Watu wanatuambia Mombasa maisha ni rahisi na kweli nimeona nyumba kwa simu, iko Utange, vyumba viwili vya kulala 10,000, nikasema hapo tu nimeokoa 8,000 kila mwezi. Tumeweka 95,000 ya kuhama. Mwenye lori la kanta ameniambia 38,000 abebe kila kitu, sofa, kabati, kitanda cha mbao, friji, cherehani. Sasa ajenti wa hiyo nyumba anataka nitume dipoziti leo leo ati kuna mtu mwingine anaing'ang'ania. Nitume? Na hii pesa itatufikisha ama tutaanza kukopa tukifika?
*Mama Wawili, Umoja*

Marahaba mwanangu, na hongera kwa kazi ya bwana. La ajenti nalijibu kwanza maana naona mkono ushafika kwenye simu. Usitume. Hata shilingi. Nyumba hujaitia mguu utaitoleaje pesa? Na huyo mtu mwingine anayeing'ang'ania, kila ajenti anaye wake, mimi mwenyewe nishaambiwa kuna mtu mwingine kwa nyumba ambayo niliikataa na bado ikakaa tupu miezi mitano, nikawa nikipita pale naichungulia huyo mtu mwingine ashaingia ama bado.

Lakini hata kama ajenti wako ni mkweli kama malaika, Utange kwa mtu wa kazi ya Miritini, hapana. Nyinyi wa bara mkisikia Mombasa mwafikiri ni mji mmoja, ukishuka stesheni ushafika. Mombasa ni kisiwa, kisha kuna pande tatu zimekizunguka, kaskazini, magharibi na kusini, na kila upande una njia yake ya kuingilia. Utange iko kaskazini huko, nyuma ya Bamburi na Shanzu. Bwanako atoke huko ndani hadi barabara kubwa, apande matatu avuke daraja la Nyali, aingie mjini, abadilishe gari, atokee Makupa, apite Changamwe, ndio sasa aitafute Miritini, na hiyo njia ya Changamwe ndiyo ya malori ya bandari, siku ikigoma utakaa dirishani ukihesabu makontena. Tuseme nauli ni 250 kwenda na kurudi, siku 26 za kazi, hizo ni 6,500. Katika ile 8,000 yako imebaki 1,500, na mzee anarudi saa tatu usiku hataki hata kusalimiwa.

Tafuteni upande ule ule wa kazi. Mikindani, Miritini yenyewe, Jomvu, Magongo, Chaani. Hata mkipata ya 12,000 karibu na godauni bado mko mbele.

Sasa maji, na hapa nitakaa kidogo kwa sababu ndipo wageni wengi wanapotolewa jasho. Ukiambiwa "maji yako masaa ishirini na nne", uliza maji gani. Nyumba nyingi huku zina kisima au bohoro na maji yake ni ya chumvi, yatoka mferejini safi kabisa waona kwa macho, ukitia mdomoni ndio wajua. Sabuni haitoi povu, chai haina ladha, sufuria zashika ukoko mweupe, mifereji yaliwa na kutu. Hayo ni ya kuogea na kupigia deki. Maji matamu yatoka mbali, Mzima huko Tsavo na Baricho kwenye mto Sabaki, na yakifika yagawanywa kwa zamu, mtaa huu leo, mtaa ule keshokutwa, na mara nyingine zamu yenyewe yasahaulika. Kwa hivyo mtanunua kwa mwenye mkokoteni. Mtungi wa lita 20 ukiuziwa shilingi 20, na nyinyi wanne mkatumia mitungi minne kwa siku, ni 2,400 kwa mwezi. Mwenye nyumba muulizeni siku za mfereji ni zipi na kama kuna tangi la maji matamu peke yake, na msimuulize yeye tu, muulizeni mpangaji anayeanika nguo.

Stima nayo. Nairobi hujui feni, huku feni ni mtu wa nyumbani. Feni moja ya wati 60 ikizunguka masaa kumi yala uniti sifuri nukta sita, mbili ni uniti moja na nukta mbili, mwezi mzima uniti 36. Weka friji, tivi, pasi, na mota ya cherehani yako, unakaribia uniti 100, na ukipita hapo bei ya kila uniti yapanda, tokeni za elfu moja unaona kama umepewa nusu. Eisii, ile mashine ya kupoza hewa, usiitaje kabisa. Feni ya kusimama moja na ya darini moja zatosha, na chumba cha kulala kiwe na dirisha linalopokea upepo, kusi ama kaskazi, hiyo haina bili.

Basi tupige hesabu yenu. Kanta 38,000. Kodi na dipoziti ya nyumba ya 12,000, jumla 24,000. Mahamali wa kupakia Umoja na kushusha huku, 5,000, na bei kubalianeni kabla turubali halijafunguliwa maana ukishafika na jua hili bei yabadilika. Nyinyi njooni na treni ya SGR, kiti cha kawaida ni 1,500 tangu mwaka 2024, watoto nusu, jumla 4,500, na uzuri stesheni ya mwisho iko huko huko Miritini. Mtungi wa gesi usijaribu kupanda nao, upakieni kwenye lori. Hapo ishakwenda 71,500. Feni mbili, neti za vitanda vyote, mitungi ya maji, balbu, kufuli mpya (badilisheni kufuli, tafadhali), weka 10,000. Mmebaki na 13,500, na mzee akianza tarehe mosi mshahara wake wa kwanza ni mwisho wa mwezi kama si katikati ya unaofuata, na wewe wateja wako wa mapazia umewaacha Umoja. Kwa hivyo jibu la swali lako ni kwamba pesa zitawafikisha lakini zitawatua mlangoni ziwaache hapo.

Na dipoziti ya Umoja usiitie kwenye hesabu. Toa notisi ya mwezi kwa maandishi, piga picha kuta na sinki, ikirudi shukuru.

Pa kukata ni kwenye lori. 38,000 ni kwa sababu ya sofa na kabati. Mimi niliolewa Thika miaka kumi na moja na niliporudi kwetu nilikataa kuacha kitu, nikasema kabati langu la mvule nimelitolea jasho. Likafika Tudor ghorofa ya tatu, ngazi nyembamba, mahamali wanne wakalizungusha likakwama kwenye kona, likakaa pale ngazini siku mbili majirani wanapita ubavu ubavu na mimi najifanya si langu, mwisho fundi akaja akalikata miguu na kilemba. Friji niliilaza kwenye lori ipate kutosha, nikaiwasha jioni ile ile nipate maji baridi, ikatoa mlio kama wa mbuzi na ndio ikawa basi. Friji isafiri imesimama, na ikifika iacheni itulie masaa kadhaa kabla ya kuitia stima, kama ililazwa muiache hadi kesho yake.

Uzeni Umoja sofa, kabati, blanketi nzito na hizo jaketi, huku zitawaletea ukungu tu. Njooni na magodoro, vyombo, nguo, friji, cherehani. Mzigo ukipungua hivyo huhitaji kanta nzima. Malori mengi yapanda Nairobi yamejaa mizigo ya bandari na yateremka matupu ama nusu, wenye kanta wanajua nani anateremka lini, uliza bei ya kuchangia na mwenzako. Mkishukisha hadi 20,000 hiyo 18,000 iliyobaki ndiyo maji, tokeni na unga wa mwezi wa kwanza. Cherehani ifungeni godoro, na ikifika itie mafuta kila wiki, hewa ya chumvi haina huruma na chuma. Vitambaa utavipata Biashara Street pale penye leso, tembea maduka matatu kabla hujanunua, ya kwanza watakusikia lafudhi.

Mpango wenyewe. Mwache mzee aje peke yake katikati ya mwezi wa nane, wiki moja, alale kwa jamaa ama lojing'i ya bei ya chini. Asubuhi aende anunue mahamri na mbaazi mtaani anakotaka kuhamia, akae pale kwenye benchi, yule mama anayekaanga anajua nyumba gani iko wazi, mwenye nyumba gani ana mdomo, maji yalitoka lini mara ya mwisho na ajenti gani ni mwizi, na hamlipi kitu zaidi ya mahamri. Akipata nyumba afungue mfereji aonje, aangalie mita ya tokeni haina deni la aliyehama, kisha ndio alipe apewe risiti. Nyinyi mfuate likizo ya Agosti haijaisha, barua ya uhamisho wa shule ya mtoto mkubwa iwe mkononi.

La mwisho, neti si mapambo. Watoto wa Nairobi miili yao haijaizoea malaria ya pwani, mtoto akishika homa msimpe Panadol mkangoja, mpelekeni apimwe siku hiyo hiyo.

Shangazi mimi ni kijana, nalipa 9,500 Bombolulu bedsita, kazi yangu ni ya mtandaoni, hakuna bosi wa kuniona. Naona bora nihamie Voi nilipe nusu. Nakosea?
*Kijana wa Laptopu, Bombolulu*

Hukosei babu, ila nenda kwanza na laptopu. Voi kuna treni ya SGR inayosimama njiani, nenda Jumatatu, kodi chumba cha wageni wiki mbili, ufanye kazi yako kama kawaida. Utajua stima yakatika mara ngapi, na intaneti ya waya imefika mtaa upi, maana intaneti ya simu inakubali usiku, kisha mchana ikakuaibisha katikati ya mkutano. Joto la huko ni kavu, upepo wa bahari utaukumbuka. Na usihesabu kodi peke yake, hesabu utarudi Mombasa mara ngapi kwa mwezi, nakujua, harusi za hapa hazikupiti.

Shangazi, nahamia Likoni kutoka Machakos, lori litakaa foleni ya feri na mzigo wangu?
*Mwalimu*

La, mwalimu. Mwambie dereva akifika Miritini ashike barabara ya Dongo Kundu, itamtoa upande wa kusini bila kuona feri. Wewe mwenyewe ukitoka mjini kwa miguu feri ni bure, vuka nayo, ukamngoje na funguo.