Kijana aliyeniuliza kama aanze yadi ama anunue Subaru ya mbio

Juzi kijana mmoja amenitumia meseji saa sita usiku, ati amepata laki nne, sasa aanze kuuza magari ama anunue Subaru aingie mbio za autokrosi, na kwa vile mimi nafanya zote mbili nimshauri. Nilicheka. Halafu sikulala.

Najua nyinyi wote mnaitaka hii maisha. Mnaona vumbi la Naivasha, helmeti, Impreza imelala kwenye kona, kesho yake niko yadi na shati safi nauza Probox.

Miaka mingi mteja akikaa tu nampigia stori ya Joginder Singh, mtoto wa Kericho, vile yeye na ndugu yake Jaswant walibeba Safari Rally ya 1965 na Volvo PV544 iliyokuwa imeshatumika. Gari ya mkono wa pili! Stori iliniuzia magari kweli. Kile nilikuwa naruka ni kwamba Joginder alikuwa fundi. Mimi najua kupanga bei.

Basi mama mmoja, mwalimu, akanipa pesa nimwagizie Fielder. Gari ikafika Mombasa vizuri, karatasi ya ukaguzi iko, umri uko ndani ya ile miaka nane ya sheria ya gari za kuagizwa, imebaki ushuru tu. Wiki hiyo hiyo giaboksi ya Subaru ikafa na mbio ni Jumapili. Nikasema nitarudisha Jumatatu, kuna mtu ananimalizia deni ya Vitz, nikachukua pesa ya mwalimu nikanunua giaboksi. Na wacha niseme ukweli, nilikimbia! Autokrosi hufukuzi gari ya mbele, unapigana na saa kwenye mzunguko wa murram, na siku hiyo saa ilinipenda, nikamaliza wa pili kwa klasi yetu. Zawadi, kikombe.

Wa Vitz akazima simu. Bandarini siku za bure zikaisha, stoji, ile ada ya kuwekewa gari, ikaanza kupanda kila siku, mwalimu akipiga nasema mfumo uko chini. Hiyo uongo kila broka anayo. Mwishowe akaja na mumewe, akakuta kikombe mezani. Hakupiga kelele. Alikiangalia, akauliza, "Hii ndio gari yangu?"

Nilimrudishia kwa vipande, miezi saba. Na wale walionibeba mabegani Jumapili ile, hakuna hata mmoja alinikopesha ya mafuta. Sawa tu.

Sasa kijana, sikia. Laki nne si ya yadi, anza na ubroka, uza gari za watu ule komisheni. Pesa ya mteja usiguse. Mbio enda kwanza kama marshali, yule wa kusimamia usalama kando ya njia, uone vile gari zinavunjika na si yako. Gari uliyokimbia nayo mbio usimuuzie mtu bila kumwambia, chesisi, ile fremu ya chini, ikipinda rangi mpya hainyooshi. Na pesa ya mteja usiguse, najua nimesema, nasema tena, vijana wa siku hizi mnasikia mnachotaka, mnataka kikombe kabla ya kazi, hata Mungu mnamharakisha.

Mwalimu alinunua Fielder kwa yadi ya jirani, nyeupe. Kila asubuhi kabla ya saa moja inapita ikienda shule. Tuta liko mbele ya geti yangu kabisa, kwa hivyo lazima apunguze. Hapigi honi.