Kabla hujafungua gia boksi ya Benzi, uliza imekufaje

Alhamisi nimemkuta dogo mmoja hapa gereji anamwaga oili ya gia boksi kwenye dumu la oili chafu. Gari ni Benzi W211, gia boksi ni 722.6, ile ya otomatiki ya gia tano, imeshushwa tangu asubuhi, sampu, yaani bakuli la oili la chini, iko sakafuni, na yeye anamimina huku simu ameibana begani. Nikamuuliza, "Umeipima?" Akajibu, "Fundi, si imeungua tu? Harufu hiyo hapo."

Nilinyamaza kwanza, maana nilikuwa karibu kupiga kelele. Huyu ni dogo ninayempenda. Ana mkono mwepesi, na bolti hazimpotei. Lakini kosa hili alilifanya mwenzake mwezi wa pili, na mwingine kabla ya huyo, na mimi mwenyewe niliwatangulia wote. Kwa hiyo nawaandikia ninyi mnaotoka kwenye injini na breki mkaanza kushika boksi za otomatiki za haya magari makubwa ya zamani. Someni kabla hamjashika spana.

1. Oili ya zamani usiimwage mpaka umeisoma.

Ikinge kwenye chombo safi chenye alama za lita. Boksi hii ikiwa kavu kabisa, pamoja na konveta (ile ngoma ya oili inayounganisha injini na boksi), inameza zaidi ya lita 7, kwa hiyo ukikinga kidogo kupita kiasi tayari una jambo la kuuliza. Kisha chovya kidole, paka kwenye karatasi nyeupe, sogea kwenye mwanga. Vumbi laini jeusi kwenye sumaku ya sampu ni umri tu. Chembe za manjano zinazong'aa, bushi zinaliwa. Vipande vyeusi laini kama karatasi iliyolowa, lainingi, yaani tabaka la msuguano lililobandikwa kwenye pleti za klachi, zimeachia gundi, na hapo acha kila kitu uendelee kusoma namba 2.

2. Msikilize mwenye gari mpaka amalize.

Mwaka 2016 nililetewa E240 ya mwaka 2003. Mwenyewe ni mwalimu mstaafu, gari alilinunua kwa mafao yake, na viti vya ngozi alikuwa anavifuta mwenyewe kwa kitambaa cha flana alichokiweka kwenye mfuko wa mlango. Malalamiko yake yalikuwa haya: akiwa kwenye kilomita 50 mpaka 70 kwa saa, mguu mwepesi kwenye mafuta, gari linatetemeka kama linapita juu ya rasta, na lami ni laini kabisa. Aliyezoea 722.6 hapo ameshataja klachi ya konveta, ile inayoifunga konveta izunguke pamoja na injini. Na mimi niliitaja pale pale, kabla sijafungua boneti, na kuanzia hapo sikusikia tena chochote alichosema.

Nikiwa naandika kazi kwenye daftari, mzee akaongeza: "Halafu fundi, kila baada ya wiki mbili naongeza maji kwenye rejeta, kama nusu chupa hivi. Ila hayavuji popote." Nikamjibu, "Hilo tutaliangalia, mzee wangu." Sikuliangalia. Hata kwenye daftari sikuliandika.

Mnajua oili ya gia boksi kwenye gari lile inapoozwa wapi. Inapita kwenye kipoozeo kidogo kilichofichwa ndani ya rejeta, pembeni, kikizungukwa na maji. Kipoozeo kile kikipata ufa, injini ikiwa inafanya kazi presha ya oili ni kubwa, kwa hiyo inayopenya ni oili, inaingia kwenye maji. Ukizima gari mambo yanageuka. Presha ya oili inashuka mpaka sifuri, maji bado ya moto na mfuniko umeyabana, basi yanapenya upande wa oili pamoja na kulanti yake, ile dawa ya rejeta. Glaiko, kemikali iliyo kwenye kulanti, inakula gundi inayoshika lainingi kwenye pleti. Na haihitaji kuwa nyingi. Sisi tumefundishwa kwamba maji yakiingia, oili inakuwa nyeupe ya waridi kama maziwa. Inakuwa hivyo yakiingia mengi. Yakiingia matone kwa matone, oili inabaki nyeusi, ina harufu ya kuungua, kama oili yoyote iliyochoka. Mimi nilitafuta maziwa, sikuyaona, nikamwaga.

Nikaweka pleti mpya zote, za klachi K1, K2 na K3 na za breki za ndani ya boksi. Konveta nikaweka iliyokarabatiwa, ile pleti ya umeme yenye sensa za mzunguko mpya, filta mpya, oili sahihi. Kazi ilikuwa nzuri, nasema hivyo mpaka leo. Niliendesha mpaka Kibaha na kurudi, gia zinaingia huzisikii. Mzee akalipa milioni 4 na laki 2, akanishika mkono kwa mikono yake miwili.

Wiki ya kumi na moja simu ikaita saa tatu usiku. "Shikamoo mzee." "Marahaba. Fundi, niko Kitonga." Alikuwa anakwenda Iringa kwenye harusi ya binti yake, mama yupo naye, buti limejaa vitenge na vyombo. Mlioipanda Kitonga mnajua ilivyo: kona juu ya kona, malori yanatambaa, upande mmoja jabali na upande wa pili bonde. Nasikia honi nyuma yake. Hakunifokea. Alisema, "Injini inanguruma, gari haliendi." Dereva mmoja wa lori aliwavuta kwa kamba mpaka penye nafasi ya kuegesha, wao wakashushwa Ruaha Mbuyuni wakalala huko, asubuhi wakapanda basi. Harusini walifika. Vile vyombo vilifika siku mbili baadaye.

Gari liliporudi Dar juu ya lori nilifungua sampu mzee akiwa amesimama pembeni yangu. Nilitoa pleti ya K2, ya wiki kumi na moja, nikaipitisha kidole gumba. Lainingi ikamenyeka kama ganda la kiazi cha kuchemsha. Chini yake chuma cheupe, safi, hata alama ya gundi hakuna. Nikang'oa rejeta, nikaziba upande mmoja wa njia ya oili, nikaunga kompresa upande wa pili, nikaitosa kwenye pipa la maji. Mapovu madogo yakaanza kutoka kwenye mdomo wa bomba la maji, mfululizo, kama soda iliyofunguliwa sasa hivi. Mzee akayatazama kwa muda. Akasema, "Maji yale." Hakusema zaidi ya hapo.

Nilirudia kazi yote kwa fedha yangu, na nyingine nilikopa kwa shemeji. Pleti zote tena, konveta nyingine, rejeta mpya, mabomba ya oili nikayasafisha kwa dawa na upepo mpaka kikatoka kitu safi. Konveta iliyokunywa glaiko msijidanganye kuiosha, lainingi ya ndani huioni na huifikii. Siku hizi Benzi ikija inatetemeka, rejeta inaingia kwenye pipa kabla boksi haijaguswa. Vipimo vya glaiko vinauzwa, nunueni. Na mteja akikubali, namfungia kipoozeo cha oili cha peke yake mbele ya rejeta, ili maji na oili visikutane tena. Kwa joto hili na foleni hizi za Dar, hata boksi yenyewe inashukuru.

3. Soketi ya pini 13, ile inayopitisha waya za umeme kuingia kwenye boksi. Oringi zake zikichoka, oili inavuja, na zaidi ya hapo inapanda ndani ya waya mpaka kwenye kompyuta ya gia boksi. Ni kitu kidogo cha plastiki, badilisha kila unapofungua. Gari likijifunga gia ya pili na halitoki, chomoa plagi ya kompyuta uitazame kama imelowa oili, kabla hujamwambia mtu boksi yake imekufa.

4. Pleti mpya loweka kwenye oili saa nzima au zaidi. Pima nafasi ya kila klachi kwa fila geji, vile vibati vyembamba vya kupimia, usikisie kwa jicho. Kila klachi ijaribu kwa upepo kabla hujaifunika, uisikie inabana na kuachia. Beringi ndogo zishike kwa mafuta ya mgando, si kwa grisi. Valvu bodi, inayogawa oili kwenda kwenye klachi, usiifute kwa kitambaa chenye nyuzi. Bolti zake ni 8 Nm, tumia spana ya toki. Ninyi wenye nguvu za mikono, nawasihi kwa hili, nimeshaona nyuzi za aluminiamu zikitoka na bolti.

5. Konveta lazima ikae mpaka mwisho kwenye pampu kabla boksi haijapanda. Izungushe huku unaisukuma, itazama kwa hatua. Boksi ikiwa imegusana na injini na bolti bado ni za mkono, konveta inapaswa kuzunguka bure. Kama unavuta boksi kwa bolti ili iingie, simama. Unaivunja pampu.

6. Gari halina dipstiki, lina bomba lenye mfuniko tu. Kiwanda kilikusudia upime kwa kijiti maalumu, oili ikiwa kwenye nyuzi 80, injini inaunguruma. Kijiti hicho kinauzwa. Oili ni ya namba 236.14 ya Mercedes, na nyekundu yoyote utakayopewa dukani haiwi sahihi kwa sababu ni nyekundu.

Turudi kwa dogo. Nilimpa simu ampigie mwenye gari mwenyewe, spika ikiwa wazi. Akauliza kuhusu maji. Hayaongezwi. Rejeta tukaitosa kwenye pipa hata hivyo, hakuna povu. Akauliza kuhusu oili ya gia boksi, na yule mama upande wa pili akasema ilibadilishwa mwezi wa nne, akiwa safarini, mahali alipokwenda kubadilisha ya injini. "Waliniambia gari hili halipimiki, wakatia chupa mbili walizokuwa nazo, wakasema inatosha."

Dogo akakata simu, akageuka kulitazama dumu. Lina oili za magari ya wiki nzima, na ya yule mama imo humo humo, lita ngapi hakuna wa kutuambia.